Kbuild baada ya miaka sita: uzoefu wangu wa kujenga na kukarabati kerneli ya Linux

Kazi yangu ni kutunza kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, inayoendesha bodi ndogo za ARM za biti 64, ambazo karakana yetu hapa Dar es Salaam huzifunga karibu na pampu za visima ili zisome mita za maji na kutuma takwimu kwa mtandao wa simu. Siandiki draiva, yaani programu za kuendeshea vifaa. Ninachofanya ni kuhakikisha kwamba kila tunapohamia toleo jipya kerneli inajengeka, moduli zake zinapakika, na atakayenirithi ataweza kuijenga tena akapata kitu kilekile. Chombo changu cha kila siku ni Kbuild, mfumo wa ujenzi unaokuja ndani ya msimbo chanzo wa kerneli yenyewe. Nimeishi nao miaka sita, na kwa kuwa wengi huukumbuka pale tu unapokwama, nimeona nieleze jinsi ulivyo kwa mtu anayeutumia siku zote. Nikiambiwa niutolee nyota, nitaupa nne kati ya tano.

Kbuild umesimama juu ya make, programu ya kuendesha hatua za ujenzi ambayo Stuart Feldman aliiandika Bell Labs mwaka 1976 na ambayo mpaka leo hudai amri itanguliwe na tabu, wala haikubali nafasi za kawaida, jambo lililonigharimu jioni nzima nilipokuwa mgeni. Karibu kila folda ya msimbo ina Makefile fupi inayosema faili ipi iingie ndani ya kerneli (obj-y) na ipi iwe moduli ya kupakiwa baadaye (obj-m), na uamuzi huo hutokana na chaguo ulizoweka kupitia Kconfig, lugha ya usanidi ambayo Roman Zippel aliileta katika toleo la 2.5.45 mwaka 2002. Chaguo hizo zimepita 10,000. Hakuna anayezisoma zote, na mimi sijawahi kujaribu.

Kinachonifanya niuheshimu mfumo huu ni kumbukumbu yake. Mwaka wa kwanza nilikuwa na tabia ya kuendesha "make clean", amri inayofuta vilivyokwisha kujengwa, kabla ya kila ujenzi, kwa hofu kwamba vipande vya zamani vingechanganyika na vipya, na kwa laptopu yangu hiyo ilimaanisha kusubiri dakika 40 kwa badiliko la mstari mmoja. Hofu hiyo ilinitoka siku nilipofungua folda na kuzitazama faili zilizofichwa. Kila kipande kinachojengwa huachiwa faili pembeni yake, yenye jina linaloanza kwa nukta na kuishia na .cmd, ambamo imehifadhiwa amri kamili iliyotumika kukijenga. Ukibadili hata kigezo kimoja cha kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), Kbuild hulinganisha amri mpya na ile iliyohifadhiwa, huona zimetofautiana, na hukijenga upya kipande hicho ijapokuwa msimbo wake haujaguswa. Make peke yake hutazama tarehe za faili tu, kwa hiyo lingepitwa na badiliko la namna hiyo.

Jambo la pili ni gumu zaidi kulieleza, na ndilo ninalolipenda zaidi. Kila faili ya C katika kerneli hulazimishwa kusoma faili moja iitwayo autoconf.h, ambamo chaguo zote ulizoziwasha zimeandikwa. Kwa desturi ya make, kubadili chaguo moja kungeifanya faili hiyo ionekane mpya, na kerneli nzima ingejengwa tangu mwanzo. Kbuild unaukwepa mtego huo kwa programu ndogo iitwayo fixdep. Faili ikishakompailiwa, fixdep hupekua maandishi yake pamoja na ya vichwa vyote (faili za .h za maelezo ya pamoja) ilivyovisoma, hukusanya kila neno linaloanza na CONFIG_, kisha huiondoa autoconf.h katika orodha ya utegemezi na kuweka mahali pake vijifaili vitupu vilivyomo ndani ya include/config, kimoja kwa kila chaguo lililotajwa. Hivyo nikizima chaguo la draiva moja, zinazojengwa upya ni faili zinazolitaja chaguo hilo, na baada ya dakika mbili hivi kerneli iko tayari. Ukitaka kujua kwa nini kipande fulani kimejengwa upya, andika "make V=2" na utaelezwa sababu yake mstari kwa mstari. Tangu nilipoijua amri hiyo sijaendesha "make clean" kwa wasiwasi tena.

Kumbukumbu hiyo ina mpaka wake, nami niliufikia kwa uzembe wangu mwenyewe. Kompyuta ya mezani tunayoitumia kujengea ilikuwa imeishiwa betri ya saa, na siku moja umeme ulipokatika na kurudi, saa yake ilirudi nyuma miaka kadhaa. Nilirekebisha draiva, nikajenga, na make likanionya waziwazi: "Clock skew detected. Your build may be incomplete." Nililipuuza onyo hilo. Faili niliyokuwa nimeihariri ilipata tarehe ya zamani kuliko kipande kilichokwisha kujengwa, kwa hiyo make liliona hakuna cha kufanya, na bodi ikawaka ikiwa na draiva ileile yenye kasoro. Nilitafuta kosa ndani ya msimbo kwa saa tatu kabla ya kutazama saa ya kompyuta. Betri ya CR2032 ndiyo iliyokuwa dawa.

Upande wa Kconfig sina sifa nyingi hivyo. Menyu ya "make menuconfig" ni nzuri, na kitufe cha mkwaju hukutafutia chaguo lolote pamoja na masharti yake, lakini mtu anayeihariri kwa mkono faili ya .config, inayohifadhi chaguo zote, kama tufanyavyo wengi tukiwa na haraka, ajue kwamba "make olddefconfig" hurekebisha asichokubali bila kusema neno. Mita zetu husomwa kupitia kigeuzi cha USB chenye chipu ya CH341, nami niliandika USB_SERIAL_CH341=y ili draiva iwe ndani ya kerneli. Sikuona kwamba USB_SERIAL, ambayo draiva hiyo inaitegemea, ilikuwa imewekwa m, yaani moduli. Kwa kanuni za Kconfig, kinachotegemea moduli hakiwezi kuwa zaidi ya moduli, kwa hiyo y yangu ikageuzwa kuwa m kimyakimya, na kwa kuwa picha ya mfumo wetu haikubeba moduli hiyo, bodi ikafika kisimani ikiwa haioni mita. Kanuni ni sahihi kabisa. Ukimya ndio sikuupenda. Sasa hubadili chaguo kwa skripti ya scripts/config, kisha huilinganisha .config ya zamani na mpya kwa scripts/diffconfig kabla ya kujenga chochote, na ningemshauri kila mgeni aanze hivyo. Ajihadhari pia na neno "select" ndani ya Kconfig, maana huliwasha chaguo jingine bila kujali kama masharti yake yametimia, na dalili yake ni onyo la "unmet direct dependencies" ambalo ni rahisi kulipita.

Katika ukarabati, somo lililonichukua muda ni kwamba ujenzi mmoja hutumia kompaila mbili. Moja hujenga kerneli kwa ajili ya bodi, nayo unaitaja kwa CROSS_COMPILE; ya pili ni ya kompyuta yako, nayo hujenga zana zinazohitajika njiani, kama vile fixdep yenyewe na dtc inayotafsiri maelezo ya vifaa vya bodi. Tulikuwa na msimbo wa 4.19 kutoka kwa muuzaji wa bodi, na baada ya kusasisha kompyuta, ujenzi ulianza kufa ukilalamika kwamba yylloc imefafanuliwa mara mbili. Nilibadilisha kompaila ya ARM mara tatu bila mafanikio, kwa sababu sikuwa nimesoma neno HOSTLD mwanzoni mwa mstari, linalotangaza kwamba kinachounganishwa ni zana ya kompyuta yangu. GCC 10, iliyotoka mwaka 2020, iliacha kuvumilia kigezo kimoja kufafanuliwa katika faili mbili bila "extern", na dtc ya zamani ilikuwa na kosa hilo. Kerneli rasmi ilikwisha kurekebishwa. Msimbo wa muuzaji ulikuwa haujakipokea kiraka. Kuufuta mstari mmoja katika dtc-lexer.l kulitosha.

Kuna na visa vidogo. Kbuild hukataa kujenga ndani ya folda ambayo njia yake ina nafasi au nukta pacha, kwa hiyo folda yangu ya "Kazi za Mita" ilibidi iwe kazi-mita. Ukichukua .config ya Ubuntu bila kuondoa njia ya vyeti iliyomo katika SYSTEM_TRUSTED_KEYS, ujenzi utasimama ukitafuta faili ya .pem usiyo nayo. Na amri ya usafi wa mwisho inaitwa "mrproper", jina la sabuni ya kusafishia inayouzwa Ulaya. Nayo hufuta hata .config yako, kwa hiyo ihifadhi kwanza.

Nyota niliyoizuia inahusu moduli zinazojengwa nje ya msimbo wa kerneli. Watunzaji wa Kbuild ni makini, na ukisoma viraka vya Masahiro Yamada, aliyeushika mfumo huu tangu 2017 mpaka alipowaachia Nathan Chancellor na Nicolas Schier mwaka 2025, utaona jinsi walivyoondoa vitu vya kale kimoja baada ya kingine. Nawaunga mkono, ila namna ya kuondoa huumiza. Modemu zetu zina draiva ya muuzaji ambayo Makefile yake iliongeza njia za vichwa kupitia EXTRA_CFLAGS, ilhali ccflags-y ilikwisha kuwekwa badala yake tangu 2007. Toleo la 6.15 liliacha kuitambua EXTRA_CFLAGS, na kwa kuwa make halishangai kuona kigezo kisichotumika, hakuna onyo lililotokea. Kompaila ilisema tu kwamba faili ya kichwa haionekani, nami nikaanza kuitafuta faili ambayo ilikuwa mahali pake siku zote. Nilipobadili jina hilo moja, moduli ilijengeka kwa sekunde chache. Kiraka hicho nakibeba mwenyewe katika kila toleo, maana muuzaji wa modemu hajajibu barua pepe yangu.