Mwaka mmoja na sasipensheni inayojirekebisha: kitufe cha modi hubadilisha nini hasa?

Nilipolinunua gari hili la spoti lenye milango 2, niliamini kwamba kubonyeza kitufe cha modi ya Spoti kunakaza springi. Niliishi na imani hiyo kwa miezi mitatu hivi, mpaka fundi alipoliinua gari na kunionyesha springi za chuma za kawaida kabisa, ambazo hakuna kitufe chochote kinachoweza kuzigusa. Kinachobadilika ni shokapu peke yake. Naanza na jambo hili kwa sababu ndilo lililobadilisha namna ninavyoitumia sasipensheni hii, na mtu anayefikiria kuilipia kama nyongeza anastahili kulifahamu kabla hajatoa fedha zake.

Springi hubeba uzito wa gari, na nguvu yake hutegemea imebonyezwa kiasi gani. Shokapu haibebi uzito huo. Kazi yake ni kupinga mwendo, na upinzani wake hutegemea kasi ambayo pistoni yake inapanda na kushuka. Katika gari langu kila shokapu ina valvu inayoendeshwa kwa umeme: valvu ikibana njia ya oili shokapu inakuwa ngumu, ikiachia inalainika, na kompyuta huweza kuirekebisha mara nyingi ndani ya sekunde moja. Yapo magari yanayotumia njia nyingine, yaani oili yenye chembechembe za chuma ambayo huwa nzito inapopitiwa na nguvu ya sumaku, teknolojia iliyoingia sokoni mwaka 2002 katika Cadillac Seville STS. Hayo sijayaendesha vya kutosha, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa ni ya shokapu za valvu.

Kosa langu la pili lilikuwa kudhani kwamba kila modi ina ugumu wake mmoja usiobadilika. Sivyo. Vihisio vya magurudumu na bodi hupeleka taarifa muda wote, na modi huiwekea kompyuta mipaka tu: katika modi laini ya Starehe ugumu huanzia chini sana, katika Spoti kiwango cha chini kimepandishwa. Nikifunga breki kwa nguvu nikiwa katika Starehe, pua ya gari haiinami kama nilivyotarajia, kwa kuwa shokapu za mbele zimekwisha kukazwa kabla sijamaliza kukanyaga pedali.

Kilichonipotosha zaidi ni kwamba kitufe kimoja cha Spoti hubadilisha mambo mengi kwa pamoja. Usukani unakuwa mzito, injini inaitikia mguu upesi, giaboksi inachelewa kupanda gia, na ekzosi inanguruma. Katika wiki za kwanza niliisifu sasipensheni kwa mambo ambayo kwa kweli yalifanywa na usukani na injini. Nilipogundua modi ya Binafsi, ambayo inaruhusu kila sehemu ipangwe peke yake, niliacha mengine yote kama yalivyo na kubadilisha shokapu tu, nikirudia kipande kilekile cha barabara kwa mwendo uleule wa kilomita 60 kwa saa. Hapo ndipo nilipoanza kuuhisi ugumu wenyewe.

Kwenye lami yenye mawimbi marefu, Spoti ni bora bila ubishi. Katika Starehe bodi hupanda, hushuka, kisha hupanda tena kidogo kabla ya kutulia. Katika Spoti hutulia mara moja. Kwenye lami iliyozibwa viraka mambo yanageuka kabisa. Bodi ya gari kwa kawaida hucheza mara 1 hadi 2 kwa sekunde, ilhali gurudumu hudunda mara 10 hadi 15. Shokapu ngumu huituliza bodi, lakini mitikisiko iliyo katikati ya viwango hivyo viwili huipitisha moja kwa moja hadi kwenye kiti, na kwa bahati mbaya mwili wa binadamu huumizwa zaidi na mitikisiko ya wima ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Abiria wangu alilalamika kabla sijamwambia kwamba nimebadilisha chochote.

Katika kona nilitarajia Spoti ilizuie gari lisilale. Kwenye kona ndefu ambayo mkunjo wake haubadiliki, gari hatimaye hulala kiasi kilekile katika modi zote, kwa sababu ulalo huo unaamuliwa na springi na fito za stabilaiza, yaani fito za chuma zinazounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili kupunguza ulalo. Shokapu huamua linafika hapo kwa haraka gani. Faida yake huonekana kwenye kona zinazofuatana, kushoto kisha kulia, ambako uzito unahama upande hadi upande: katika Spoti gari linafuata usukani papo hapo, na raha yake ni kubwa.

Hata hivyo, kona yenye mashimo madogo ilinifundisha kuiheshimu Starehe. Katika Spoti magurudumu ya nyuma yalirukaruka na taa ya udhibiti wa mtelezo ikawa inawaka kila mara. Katika Starehe, kwa mwendo huohuo, matairi yalibaki yameshika lami. Tairi lisilogusa barabara halina mshiko, hata gari liwe la spoti kiasi gani.

Rimu za inchi 19 na matairi yenye kuta fupi za pembeni zina mchango wake katika ugumu huo wa mwendo, na hakuna modi inayouondoa. Nilikuta pia upepo wa matairi umezidishwa. Niliporudisha kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango, Starehe ikawa laini zaidi kuliko nilivyoijua.

Nina malalamiko mawili. Gari husahau mpangilio wa Binafsi kila linapozimwa na kurudi katika Kawaida. Pili, kiungo cha kihisio kimoja kinachopima kimo cha bodi kilivunjika, taa ya tahadhari ikawaka, na shokapu zote zikabaki katika ugumu mmoja hadi kilipobadilishwa, ingawa kitufe kiliendelea kubadilisha injini na usukani kana kwamba kila kitu kiko sawa.

Ningeilipia tena sasipensheni hii, lakini si kwenye gari lisilo na modi ya Binafsi. Sasa injini na usukani huviweka Spoti, shokapu huziacha Starehe, na huzikaza tu ninapoingia kwenye lami nzuri yenye kona zinazofuatana.