ExifTool: sura hana ila kazi anapiga

Jamani hii ExifTool, programu ya kompyuta ya kusoma na kufuta data zilizojificha kwenye picha, nimekaa nayo kama miezi miwili sasa na sirudi nyuma. Kabla yake nilikuwa na programu moja ya simu, jina naliacha, inajisifu inafuta data zilizojificha kwenye picha, kumbe inafuta GPS tu, yaani mahali picha ilipopigwa, modeli ya simu na saa niliyopiga vyote vimebaki, halafu yenyewe eti inaomba ruhusa ya kujua nilipo, sasa we si ndo ulikuja kunificha?

ExifTool ni ya bure, kaitengeneza Phil Harvey, haina vitufe wala mapambo, unaandika komandi kwenye kompyuta basi. Ukiandika exiftool picha.jpg inakumwagia kila kitu, mi nilikuta latitudo na longitudo ya chumba ninacholala, nikakaa kimya kidogo. Kufuta ni exiftool -all= picha.jpg. Ila macho hapa: inakuachia nakala ya zamani pembeni, jina lake linaishia na _original, na hiyo bado ina siri zako zote, usije ukatuma hiyo! Na picha zingine zinalala ubavu baada ya kusafishwa maana hata mwelekeo umefutwa, unazungusha tu.

Anayeona nazidisha akumbuke 2012 John McAfee, yule tajiri wa programu za antivirus, yuko mafichoni, jarida la Vice likaweka picha yake na GPS ndani, watu wakajua yuko Guatemala.

Nyota nne. Moja nimekata kwa ajili ya komandi, mama yangu haziwezi hata umwandikie kwenye karatasi.