Ndoo, beseni au boya la shingoni: vifaa vya tiba ya maji kwa watoto njiti

Tiba ya maji ni kumweka mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, kwenye maji ya uvuguvugu ili atulie. Kati ya vifaa vitatu vinavyonadiwa kwa tiba hii, kinachofaa zaidi hakina hata jina la biashara: beseni la kawaida na shuka jepesi. Ndoo maalumu inafuata. Boya la shingoni, yaani pete ya kujazwa upepo inayovishwa mtoto shingoni, tusilisogelee.

Ndoo hizo zenye kitako kizito zilitokea Uholanzi. Brazil nako baadhi ya wodi za watoto wachanga huziita ofurô. Mtoto huketishwa amejikunja, magoti kifuani, maji yakimfika mabegani. Sifa yake ni mkao huo. Njiti akilazwa tambarare hutawanyika kama chura, kwa kuwa misuli yake bado haiwezi kushindana na uzito wa mwili. Majini uzito hupungua, mikono hurudi katikati, na anaweza kupeleka kidole mdomoni. Kasoro ni kichwa: mkono mmoja lazima ushike taya na kisogo muda wote. Kidevu kikilalia kifua, njia ya hewa hubanwa, na mtoto anaweza kugeuka bluu bila kulia. Bila mhudumu aliyefunzwa, ndoo haitufai.

Beseni linasamehe zaidi. Funga madirisha, pasha chumba joto, weka taulo mbili kavu karibu. Maji yawe nyuzi 37 hadi 38 kwa kipimajoto. Kiwiko ni cha kuhakikisha tu. Mfunge mtoto kwenye shuka, mikono imekunjwa kifuani, kisha mshushe polepole ukianza na miguu. Mwache atulie. Fungua kiungo kimoja, osha, kifunike tena, ndipo uende kingine. Dakika 5 hadi 10 zatosha.

Mambo huharibika zaidi baada ya kutoka majini. Ngozi ya njiti ni nyembamba, mafuta chini yake ni kidogo, na maji yanayokauka mwilini huondoka na joto. Kwa hiyo shuka lililolowa libaki beseni, taulo ipokee kichwa kwanza, kofia ifuate, kisha mtoto alale kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Baada ya dakika 10 pima kwapani: nyuzi 36.5 hadi 37.5. Akiwa chini ya hapo, kikao kijacho kisubiri.

Asiingie kabisa mtoto mwenye dripu, anayesaidiwa kupumua, anayesahau kupumua mara kwa mara, au ambaye kitovu hakijakauka. Wala asitoke kunyonya moja kwa moja kuja majini. Akitanua vidole, akipata kwikwi au ngozi ikifanya madoa kama marumaru, mtoe. Hizo ni dalili kwamba amechoka.

Wauzaji husema maji hunenepesha na kukuza ubongo. Tafiti zilizopo, nyingi ndogo, zinaonyesha zaidi utulivu, usingizi na kupungua kwa dalili za maumivu. Si haba, lakini si kile kilichoandikwa kwenye boksi.

Na boya? Juni 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya lisitumike kwa tiba ya maji, hasa kwa watoto wenye ulemavu au kuchelewa kukua, ikitaja mtoto mmoja aliyefariki na mwingine aliyelazwa hospitalini. Upepo ukivuja, kichwa huteleza ndani ya pete. Usipovuja, shingo isiyo na nguvu ndiyo hubeba mvuto wote.