North by Northwest (1959): filamu ya kijasusi ambayo haijachuja

Filamu nyingi za kijasusi huzeeka upesi kwa sababu zimeegemea vifaa. Saa yenye sumu, gari lenye bunduki, kompyuta inayojaza chumba: miaka ikipita vinachekesha, na hofu inaondoka navyo. North by Northwest ya Alfred Hitchcock haina kifaa cha kujivunia. Ina mwanamume mwenye suti ya kijivu, barabara, treni na watu wanaomwona pale asipotaka kuonekana. Kila ninapoirudia, kinachonishika ni kilekile: nani ameona nini, na ameona lini. Mashaka yote yanatoka hapo.

Nitataja matukio kwa undani. Kama hujaiona na hutaki kuharibiwa utamu, ruka hadi aya mbili za mwisho.

Roger Thornhill (Cary Grant), mtu wa matangazo ya biashara, ameketi na wenzake katika baa ya Plaza Hotel, New York. Anakumbuka kwamba alipo mama yake hapapatikani kwa simu, hivyo anataka kumpelekea telegramu. Mhudumu anapita akiita jina la George Kaplan. Wakati huohuo Thornhill anainua mkono kumwita mhudumu yule, kwa shida yake mwenyewe. Wanaume wawili waliosimama pembeni wanauona ule mkono na kuamini kwamba Kaplan ndiye huyu. Hakuna anayetueleza lolote. Ukigeuka kuchukua kinywaji wakati huo, utakaa muda mrefu ukijiuliza kwa nini mtu huyu ametekwa. Kaplan naye hayupo duniani. Ni jina lililobuniwa na idara ya ujasusi ya Marekani kumzuga adui. Sisi watazamaji tunaambiwa hilo mapema, Thornhill hajui, na tangu hapo kila anapomtafuta Kaplan tunajua anatafuta hewa.

Tukio la ndege shambani limesifiwa sana, na linastahili. Basi linamshusha Thornhill kwenye barabara kame, na picha inachukuliwa kutoka juu sana ili tuone kwamba hakuna mti, nyumba wala mtaro wa kujifichia. Kisha Hitchcock anatulia. Gari linapita. Lingine linapita. Lori linamwachia vumbi usoni. Uhariri wa George Tomasini unakwenda kwa zamu: uso wa Thornhill, anachokitazama, uso wake tena. Mtu anashushwa ng'ambo ya barabara na wawili hao wanabaki wakitazamana. Yule mgeni anasema ndege ile pale inanyunyizia dawa mahali pasipo na mazao, anapanda basi, anaondoka. Ndipo ndege inapogeuka. Muziki haupo kabisa. Ni injini, upepo na nyayo tu, na muziki wa Bernard Herrmann, mtunzi wa filamu hii, unarudi baada ya ndege kuligonga lori la mafuta. Wanaoiga tukio hili mara nyingi hukosea hapo: huanza na ngoma kabla ya hatari, mtazamaji anajua cha kuogopa, na uwanja mtupu haufanyi tena kazi yake. Ukipima kwa akili, kumuua mtu kwa ndege ya shambani ni njia ya ajabu, bastola ingetosha. Lakini swali hilo halikujii wakati wa kutazama, kwa sababu macho yako yamekwisha kuzoeshwa kupima umbali.

Jambo ambalo husifiwa kidogo kuliko inavyopaswa ni jinsi Ernest Lehman, mwandishi wa hadithi, anavyovitumia vitu vidogo. Katika treni ya kwenda Chicago, Eve Kendall (Eva Marie Saint) anaona kiberiti cha karatasi cha Thornhill chenye herufi za mwanzo za jina lake, ROT, na kuuliza O inasimamia nini. Hakuna kitu, Thornhill anajibu. Inaonekana ni maneno ya kutongozana tu. Karibu na mwisho, kiberiti hichohicho ndicho kinachobeba onyo ndani ya nyumba ya Vandamm, mkuu wa majasusi wa adui. Bastola ya Eve nayo ni vivyo hivyo: inafyatuliwa mkahawani Mount Rushmore, mlima uliochongwa nyuso za marais wa Marekani, tunadhani Thornhill amekufa, kumbe ilikuwa na baruti tu, bila risasi. Leonard (Martin Landau), msaidizi wa Vandamm, anaufichua ujanja huo kwa kumfyatulia bosi wake mwenyewe. Baadaye mtunza nyumba anamwona Thornhill kwenye kioo cha televisheni iliyozimwa, anamshikilia kwa bastola, na ni ileile isiyo na risasi. Kitu kimoja, kazi tatu.

Na siri yenyewe inayowindwa ni nini? Maikrofilamu, yaani utepe wa picha ndogo mno, ndani ya sanamu, basi. Hatuambiwi ina nini. Mkuu wa idara anapomweleza Thornhill mambo kule uwanja wa ndege, kelele za injini zinayafunika maneno. Nadhani huu ndio uamuzi uliookoa filamu: siasa za 1959 zingekuwa zimeshapitwa, lakini hazikupewa nafasi ya kutosha ili zipitwe.

Kasoro zipo. Thornhill anapoendesha gari akiwa amelewa, mandhari ya nyuma ni picha iliyorushwa kwenye skrini, na inaonekana wazi. Mount Rushmore ya mwisho ilijengwa studio, kwa kuwa haikuruhusiwa kupiga matukio ya ghasia kwenye nyuso zile. Mkahawani, tazama mtoto aliye nyuma: anaziba masikio kabla bastola haijalia. Na Eve kwenye meza ya chakula, midomo yake inasema neno moja na sauti nyingine, kwa sababu sentensi yake kuhusu mapenzi ilibadilishwa baadaye. Hakuna hata moja kati ya hizi inayoniondoa ndani ya hadithi.

Kuhusu nakala, chagua kwa makini. Filamu ilipigwa kwa VistaVision, ambapo utepe wa milimita 35 hupita kwa ulalo na kila fremu hushika matundu manane ya ukingoni mwa utepe, hivyo picha ya asili ni kubwa kuliko ya kawaida na ina undani mwingi. Diski ya 4K iliyotoka 2024 inauonyesha undani huo vizuri. Epuka nakala za zamani zilizokatwa ziwe za mraba. Kwenye uwanja ule mtupu, upana ndio hatari yenyewe. Urefu sahihi ni dakika 136. Ukikuta dakika 130 na ushee, huenda haikukatwa kitu: nakala za PAL, mfumo wa televisheni uliotumika Ulaya na kwingineko, hukimbia fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, na sauti hupanda kidogo.

Kabla ya kuanza, ingia kwenye mipangilio ya televisheni. Zima kipengele cha kulainisha mwendo, maana hicho ndicho kinachofanya zile mandhari za nyuma zionekane za bandia zaidi. Weka hali ya sinema badala ya ile ya rangi kali; suti ikigeuka bluu, rangi zimezidi. Zima pia kipengele cha kusawazisha sauti usiku, kwa sababu kitapandisha ukimya wa shambani hadi ulingane na mlipuko. Ukitegemea maandishi ya tafsiri, yajaribu kwanza kwenye mazungumzo ya treni: wanajibizana haraka, na tafsiri inayochelewa hata kidogo inaua utani wote.