Kunakili sheria ya jimbo au kuirejelea tu?

Huko California, sheria ndogo ya jiji kuhusu nyumba za uani (nyumba ndogo ya pili kwenye kiwanja chenye nyumba tayari) ikipingana na ya jimbo inakuwa batili, na viwango vya jimbo ndivyo vinavyotumika. Baraza linalotaka kurekebisha yake lina njia mbili.

Ya kwanza ni kuandika kila kitu: ombi lijibiwe ndani ya siku 60, ukuta ukae futi 4 kutoka mpaka wa pembeni na wa nyuma, na kadhalika. Mwenye kiwanja anasoma mahali pamoja na kuelewa. Jiji nalo linaweka masharti yake pale jimbo linapoliachia nafasi. Shida ni kwamba bunge la jimbo, lililoko Sacramento, haliachi kuigusa sheria hii. Mwaka 2024 hata namba zilihamishwa: kifungu 65852.2 kikafutwa, mambo yake yakapelekwa 66310 na kuendelea. Aliyenakili namba ya zamani akabaki anawaelekeza watu kwenye nyumba iliyohamwa.

Ya pili ni sentensi moja: itatumika sheria ya jimbo, pamoja na marekebisho yake ya baadaye. Haichakai upesi. Ila mwananchi aliyefika dirishani anaambiwa akasome sheria ya jimbo, ambayo hata mawakili huisoma mara mbili.

Kwa mji mdogo usio na wanasheria wa kutosha, ningechukua ya pili na kuchapisha kijitabu cha maelezo kaunta. Kijitabu hakihitaji kikao cha baraza kukibadilisha.