Wayaringi mpya ya taa za nyuma kwenye Land Rover Series III: uzoefu wangu

Kilichonifanya nifungue taa za nyuma ni indiketa. Kila nilipowasha ya kulia, taa nyekundu jirani yake nayo ilipepesa, hafifu, kama inaitikia. Nikikanyaga breki huku taa zote zimewashwa, upande huo badala ya kuwaka zaidi ulififia. Gari ni Land Rover Series III ya 1975, ile fupi ya inchi 88, ninayoirudisha katika hali yake ya awali pole pole. Injini ilikuwa imeshakaa sawa, rangi nzuri, viti vimeshonwa upya. Lakini gari lisiloonekana kwa nyuma usiku sikuwa tayari kulitoa barabarani.

Kwanza nilibadilisha balbu, kama ambavyo wengi tungefanya. Hakuna kilichobadilika. Nikachukua mita ya kupimia umeme. Nikaweka ncha moja kwenye kikombe cha balbu ya kulia na nyingine kwenye negativu ya betri kwa waya mrefu, nikamwambia mwanangu akanyage breki. Mita ikasoma volti 2.6. Hapo panatakiwa pasome karibu na sifuri, kwa sababu kikombe cha balbu na negativu ya betri ni kitu kimoja kiumeme. Nilipopima upande wa moto, kutoka chanya ya betri hadi terminali ya breki kwenye taa, nilikuta volti 1.3 nyingine zimepotea njiani. Betri ilikuwa na 12.4. Kwa hiyo balbu ilikuwa inapata volti 8.5 tu. Na balbu ya nyuzi haififii kwa kiasi kile kile cha volti iliyopungua: ikikosa thuluthi moja ya volti, mwanga unashuka hadi karibu robo.

Ndipo nikaelewa ile indiketa. Taa ya breki, taa ndogo (ile nyekundu ya usiku) na indiketa za upande mmoja zinarudisha umeme kwenye betri kupitia ethi moja, yaani njia ya kurudia umeme kwenye negativu. Ethi ikiwa mbovu, umeme wa indiketa unatafuta njia nyingine ya kurudi: unapanda kwenye uzi wa taa nyekundu, unasafiri hadi upande wa pili wa gari, na kurudi kupitia ethi nzima ya kule. Ukiona taa moja inawasha nyingine isiyohusika, usisumbuke na swichi. Anza na ethi.

Nilipofungua vifuniko vya bati nyuma ya taa nilikuta historia nzima ya gari. Mtu alikuwa ameunga waya wa njano wa redio kwenye waya mwekundu wa taa ndogo. Mwingine alikuwa amezungusha tepu juu ya tepu mpaka kiungo kikawa kinene kama kidole gumba. Plastiki ya nyaya za asili ilikuwa imekauka. Nikiikunja kidogo inavunjika kama ganda la karanga. Nilichuna sentimita moja ya ule waya wa kijani wenye mstari wa zambarau nikakuta shaba nyeusi tii. Nikakata sentimita tano zaidi, bado nyeusi. Kumi, bado. Shaba ya namna hiyo haishiki risasi hata uichokoe kwa msasa, na unyevu ukishaingia kwenye nyuzi zake unatambaa ndani ya plastiki mbali kuliko jicho linavyoona. Hapo wazo la kuunga vipande likafa. Nikaamua kubadilisha wayaringi yote ya nyuma.

Kulikuwa na njia mbili: kununua waya unaouzwa kwa mita na kutengeneza mwenyewe, au kuagiza seti iliyokwisha fungwa kwa ajili ya gari hili hili. Nilichagua seti. Ilinigharimu zaidi, lakini sababu yangu ilikuwa rangi. Magari ya Uingereza ya wakati ule yana utaratibu wake wa rangi, na ukishaujua unasoma gari kama gazeti: nyekundu ni taa ndogo, kijani yenye mstari wa zambarau ni breki, kijani na nyekundu ni indiketa ya kushoto, kijani na nyeupe ni ya kulia, nyeusi ni ethi. Nikitengeneza kwa rangi nilizozipata dukani, taa zitawaka, sawa, lakini fundi atakayefungua gari hili miaka ishirini ijayo ataanza kubahatisha kama nilivyobahatisha mimi na ule waya wa njano. Hilo sikulitaka.

Seti ilipofika niliipenda nilipoishika tu. Nyaya zimefungwa kwa tepu isiyo na gundi, kama za zamani, kwa hiyo mikono haibaki na unatounato. Waya ni laini, wa nyuzi 14 zenye unene wa milimita 0.30 kila mmoja, yaani milimita mraba moja. Waya huo unabeba ampea 8.75, na balbu mbili za breki za wati 21 kila moja zinakula ampea tatu na nusu. Nafasi ipo ya kutosha. Rangi zote zilikuwa sahihi na mistari inaonekana wazi. Urefu nao ulikuwa sahihi. Nilipoilaza sakafuni kando ya ile ya zamani, matawi yalitokea mahali pale pale.

Sasa kasoro, na ni kubwa. Kabla ya kuipitisha kwenye gari niliitandaza mezani, nikaunganisha waya mmoja mmoja kwenye betri kupitia fyuzi ndogo, na balbu upande wa pili. Zote ziliwaka. Lakini nilipoutikisa ule wa breki karibu na terminali, balbu ilizima na kuwaka. Nikauvuta kidogo tu kwa vidole, ukatoka wote mkononi. Terminali ilikuwa imebanwa juu ya plastiki badala ya kubanwa juu ya shaba. Nyuzi nne au tano tu ndizo zilikuwa zinagusa. Nilikagua zilizobaki nikakuta nyingine moja iko vivyo hivyo. Terminali mbili mbovu kwenye kifaa kinachouzwa kwa ajili ya taa za breki, hilo limeniudhi na nalisema wazi. Kama ningeipitisha bila kuipima, ningekuja kuligundua gari likiwa limeshafungwa, au dereva wa nyuma yangu angeligundua kabla yangu. Niliwaandikia watengenezaji nikiambatisha picha. Walijibu kwa adabu na wakanitumia terminali nyingine, ila kazi ya kuzibadilisha ilikuwa yangu. Nilikata zote, si zile mbili peke yake, nikabana upya na kuzilehemu kwa risasi kidogo.

Kuipitisha ndiko kulikochukua siku. Kwenye gari hili nyaya za nyuma zinapita ndani ya chesisi yenyewe, na ndani ya chesisi kuna matope ya karibu nusu karne. Nilitoa negativu ya betri kwanza. Kisha nilifunga kamba imara kwenye mkia wa wayaringi ya zamani nikaivuta ya zamani kutokea mbele, ili kamba ibaki ndani. Hapo usifunge fundo nene. Nilizipanga nyaya mpya kwenye kamba moja moja, kila moja ikianzia nyuma ya mwenzake, nikazungusha tepu ili kichwa kiwe chembamba kama mkia wa panya, nikapaka poda ya kawaida ya mtoto ili iteleze. Mwanangu alikuwa mbele akilisha, mimi nyuma nikivuta.

“Baba, imekwama.”

“Usisukume. Irudishe kidogo, uizungushe.”

Tulifanya hivyo mara sita au saba. Pahali pamoja karibu na katikati palitutoa jasho kwa dakika arobaini, mpaka nilipoingiza waya mgumu kutokea nyuma na kuvunja donge la tope lililokuwa limejaa humo. Kama ningeanza tena, ningeisafisha chesisi ndani kwa maji ya nguvu na kuiacha ikauke siku mbili kabla ya kupitisha chochote. Na badilisha mipira ya kwenye matundu ambapo nyaya zinatoka. Ya zamani ilikuwa imepasuka yote, na ukingo wa chuma unakula plastiki ya waya kila gari linapotikisika, mwisho wake ni shoti. Seti niliyonunua haikuja na mipira hiyo, wangeiweka.

Viungio vile vya mpira mweusi vyenye mrija wa chuma ndani, nilitupa vyote vya zamani. Vinaonekana vizima kwa nje, lakini mrija ukishashika kutu kiungo kinapata joto na kula volti. Nilipaka grisi kidogo kwenye kila terminali kabla ya kuisukuma mpaka ikatoa ule mlio wa kuingia.

Nilipofika hapo nikapima tena. Upande wa moto: volti 0.4 tu zinapotea, kutoka 1.3. Safi kabisa. Upande wa ethi: bado volti 1.9. Yaani wayaringi mpya ilikuwa imenitatulia nusu ya tatizo, na ile nusu ndogo.

Sababu iko kwenye bodi ya gari. Bodi ya Land Rover hizi ni ya aluminiamu, chesisi ni ya chuma, na taa zinashikwa kwa skrubu za chuma. Aluminiamu ikikaa hewani inajifunika utando wake mwembamba ambao haupitishi umeme, na pale inapogusana na chuma kwenye unyevu inaliwa na kugeuka unga mweupe. Nilipofungua skrubu ya taa ya kulia, unga huo ulimwagika kiganjani kama chumvi. Umeme wa ethi wa taa yangu ulikuwa unategemea upite hapo.

Nilichofanya ni kuongeza waya mweusi wangu mwenyewe, mnene zaidi, wa nyuzi 28. Unaanzia kwenye kikombe cha kila balbu, nyaya za pande mbili zinakutana, kisha zinashuka hadi kwenye boliti moja ya chesisi niliyoikwangua mpaka chuma king'ae, nikafunga kwa washa yenye meno na kupaka grisi juu. Kazi ya saa moja na nusu. Nikapima: volti 0.06.

Mwanangu alikanyaga breki, nami nikasimama nyuma ya gari. Ukuta wa nyuma yangu uligeuka mwekundu. Sikuwa nimewahi kuziona taa hizi zikiwaka hivyo tangu nilinunue gari hili. Niliwasha na indiketa: rangi ya chungwa peke yake, na nyekundu imetulia tuli.

Nimelitumia gari miezi minane sasa, mvua mbili kubwa zikiwemo, na hakuna taa iliyokataa. Seti yenyewe naipa nyota tatu kati ya tano. Waya, rangi na urefu vingestahili tano. Terminali mbovu na kukosekana kwa mipira na ethi ya maana vimeiangusha. Ningeinunua tena? Ndiyo, kwa mtu mwenye koleo la kubania na mita na uvumilivu wa kuipima mezani. Kama unamlipa fundi akufungie, mwombe avute kila terminali kwa mkono mbele yako kabla haijaingia kwenye chesisi, na mwambie asiache ethi itegemee skrubu za taa.

Jumamosi iliyopita nililala chini ya gari nikafungua ile boliti. Grisi bado ipo, chuma bado kinang'aa. Nimeifunga, na sasa naagiza wayaringi ya mbele.