Star Adventurer 2i baada ya masika: nzuri kwa lenzi fupi, ila ncha utaitafuta kwa njia nyingine

Traka hii ya Sky-Watcher, ya kupigia picha za nyota, hubeba hadi kilo 5 na kuzungusha kamera kwa mwendo wa nyota ili zisiache michirizi. Kwa lenzi za milimita 24 hadi 135 inatosha kabisa. Kinachosumbua huku kwetu ni latitudo. Dodoma iko nyuzi 6 na dakika 10 kusini mwa ikweta, Nairobi nyuzi 1 na kidogo, na ncha ya kusini ya anga, nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka na ambayo mhimili wa traka lazima uielekee, hukaa kimo hichohicho juu ya upeo wa macho: ndani ya vumbi, miembe na paa la jirani. Sigma Octantis, nyota ya kulengea, ina mng'ao wa 5.4 tu (namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu). Kijidarubini cha ncha kilichomo ndani ya mashine, ambacho Ulaya ndicho watu hukitegemea, hapa ni karibu pambo.

Kabla ya kutoka, fungua sehemu ya betri. AA nne zilizosahaulika humo tangu Machi huwa zimevuja. Chumvi ile itoe kwa pamba yenye siki kidogo, kausha, kisha weka mpya. Pawabenki nayo inafaa, ila tundu ni Mini-USB, waya ambao siku hizi hauko kila duka. Lenzi imulike kwa tochi ya pembeni: nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu. Hiyo ipeleke kwa fundi, na usiichanganye na nyingine kwenye begi moja.

Kufunga. Mguu mmoja wa stendi uelekeze kusini, kwa sababu mhimili umelala karibu mlalo na uzito wote unaning'inia upande huo. Ukitumia uzani wa kusawazisha utagonga mguu huohuo, hivyo nunua pia nguzo fupi ya kuinulia. Swichi ya N/S iweke S. Ikibaki N, mashine inazunguka kinyume na michirizi inakuwa mirefu maradufu. Wengi hudhani gia imekufa.

Kimo kipime kwa programu ya simu ya kupima mwinamo, kusini kwa dira iliyorekebishwa mkengeuko wa sumaku. Hapo umeingia ndani ya nyuzi chache. Zilizobaki zitoe kwa kamera. Katikati ya Juni, kwenye saa mbili na nusu usiku, nyota ya Spica iko karibu kabisa na mstari wa kaskazini-kusini. Ilenge kwa lenzi ya 135, piga picha, iache mashine ifuate dakika 5, piga nyingine. Kwenye kamera yenye pikseli za mikroni 4.3, nyota ikisogea pikseli 12 kuelekea kaskazini au kusini, mhimili umekosea kama nyuzi 1 kushoto au kulia. Geuza skrubu za pembeni, rudia. Msogeo ukizidi, rudi upande wa pili. Msogeo wa mashariki-magharibi usiuhesabu, huo ni wa gia. Saa nne nyota ya Altair imepanda kidogo mashariki: rudia hayo hayo nayo, safari hii ukirekebisha kimo. Kazi hii inachosha, na hakuna njia ya mkato ya maana.

Ukifika ndani ya nusu nyuzi, kosa la kulenga halizidi pikseli moja na kidogo kwa dakika. Basi piga sekunde 60, f/2.8, ISO 1600, fremu 60, kisha 20 za giza kifuniko kikiwa kimefungwa na mipangilio ileile. Programu ya Siril huziunganisha bure. Umande wa Juni ni mwingi. Bila mkanda wa joto kwenye lenzi, fremu za mwisho hutoka na nyota zilizovimba.

Kwa milimita 300 siishauri. Kosa lilelile la nusu nyuzi linakuwa karibu pikseli 3 kwa dakika, na juu yake kuna mtikisiko wa gia unaojirudia kila dakika 10. Huko utahitaji kamera ya kuongozea, yaani ya pili inayoitazama nyota moja na kuisahihisha traka, na hii 2i huongozwa kwenye mhimili mmoja tu.

Wa Nairobi, Julai yenu ni mawingu na baridi; subirini Januari. Kwenye saa nne za usiku mkanda wa Orion unakuwa juu kabisa, na nyota yake ya Mintaka, iliyo karibu juu ya ikweta ya anga, inafaa kwa jaribio hili kuliko hata Spica.